Yuda alipomkaribia Yusufu: Wayahudi wanamwonaje Masihi hapo?

KATEKISTA WA KILOSA

Tumsifu Yesu Kristo, na asalaam aleikum kwa walio upande huo.

Mimi ni katekista, mtu wa Kilosa, umri umeshasogea. Baada ya wiki mbili nina zamu ya kufundisha jumuiya zetu, na nimechagua Mwanzo 44 na 45, pale Yusufu anapojitambulisha kwa nduguze. Sikuichagua hivihivi tu. Mimi na kaka yangu hatujasalimiana tangu tulipogawana shamba la marehemu baba kule mtoni, nikajiambia huenda nikiifundisha habari hii mbele za watu itanilainisha na mimi. Hilo tuliache kwanza.

Kilichonileta ni hiki. Tulikuwa na semina, mgeni mmoja akagusia kwamba Wayahudi wenyewe, hasa watu wa Kabala, elimu yao ya siri za Mungu, hawaisomi habari hii kama ya kusameheana tu. Eti kwao pale Yuda anaposogea mbele ya Yusufu ndipo ilipo siri ya Masihi, na tena Masihi wenyewe ni wawili. Nikanyoosha mkono niulize. Muda ukawa umekwisha, wali umeshapakuliwa.

Nimerudi nyumbani nimeisoma 44:18 mpaka ukurasa unataka kuchomoka: "Ndipo Yuda akamkaribia." Ninachokiona ni mtu anayebembeleza, anayejitoa abaki mtumwa badala ya mdogo wake. Masihi simwoni. Halafu kuna jambo jingine linanisumbua: maneno yote yale kayasema Yuda, lakini shingo ya kwanza anayoiangukia Yusufu ni ya Benyamini, ambaye kikao kizima hakufungua mdomo. Yuda anapata busu baadaye, kwenye kundi pamoja na wengine.

Naomba mwenye kujua anieleze wanavyosema Wayahudi wenyewe. Kwamba Yusufu ni kivuli cha Kristo ninaijua, nimeifundisha miaka kumi na tisa.


MLINZI WA LANGO

Mzee wangu, Kabala ni mambo ya namba na nyuzi nyekundu za mkononi. Utawaingiza waumini wa watu shimoni. Neno linajitosheleza, achana na hizo habari.


FUNDI CHEREHANI

Mlinzi, ule uzi mwekundu wanauziwa watalii. Ukitaka kumkataza mtu kitabu, kifungue kwanza.

Shikamoo Mwalimu. Niruhusu nijibu kwa kirefu, leo stima imepotea tangu saa nne na mashine yangu imelala. Niko Eldoret, nashona sare za shule. Lakini kwetu ni upande wa Mbale, Uganda, na nimelelewa katika Abayudaya, wale Wayahudi waliotokana na Semei Kakungulu mwaka 1919. Jina lenyewe kwa Kiganda maana yake ni watu wa Yuda, kwa hiyo huyu Yuda unayemuuliza ni kama umemuulizia babu yangu.

Torati tunaisoma kwa mafungu, fungu moja kila juma, mwaka ukiisha tunaanza tena. Fungu la 44:18 huangukia Desemba au mwanzoni mwa Januari, na linaitwa kwa neno lake la kwanza, Vayigash, "akakaribia". Kumbe juma lililotangulia wanakukatia 44:17, pabaya kabisa: kikombe kimekutwa guniani mwa Benyamini, Yusufu kasema huyu atabaki mtumwa wangu, ninyi wengine nendeni kwa amani. Hapo unafunga kitabu, unakaa siku saba. Nikiwa mtoto niliona ni ukatili. Babu alikuwa ananiambia, "Kaa nalo. Yuda naye hajui la kusema."

Sasa hilo neno "akakaribia". Wazee wa Midrashi, yaani mafafanuzi ya kale ya marabi juu ya Maandiko, kwenye kitabu kiitwacho Mwanzo Raba, walibishana: alikaribia kufanya nini? Mmoja akasema kupigana. Mwingine akasema kutafuta suluhu. Wengine wakasema kusali. Ndipo Rabi Elazari akaziweka zote tatu pamoja: kama ni vita, naja, kama ni suluhu, naja, kama ni sala, naja. Mimi hapo ndipo ninapompendea Yuda, maana mtu anayekwenda kwa nduguye waliyekosana huwa kweli hajui kati ya hayo matatu ni lipi litatoka mdomoni.

Humohumo kuna mfano wa kisima. Kisima kirefu, maji yake baridi na matamu, wala hakuna anayeweza kuyanywa kwa sababu kamba haifiki. Akaja mtu mmoja akaunga kamba kwa kamba, uzi kwa uzi, akateka, akanywa, na watu wote wakanywa. Ndivyo Yuda alivyomjibu Yusufu neno juu ya neno mpaka akafika moyoni mwake. Mistari kumi na saba ile, kuanzia 18 mpaka 34, ni kamba inayoungwa.

Ukitoka hapo ndipo unaingia Zohar, kitabu kikuu cha Kabala, kilichoandikwa kwa Kiaramu. Zohar inasema Yuda kumkaribia Yusufu ni dunia kuikaribia dunia, ya chini kuisogelea ya juu ili ziwe kitu kimoja. Yuda ni mfalme, maana kwake atatoka Daudi. Yusufu ni mfalme pale Misri. Na wafalme wakikutana, kama isemavyo Zaburi ya 48, mbinguni nako kuna kitu kinakutana.

Kitu gani? Wakabala husema Mungu hujidhihirisha kwa njia kumi, wanaziita sefirot. Ya tisa inaitwa Yesod, msingi, nayo ndiyo inayopitisha baraka zote za juu kushuka. Hiyo ni Yusufu, na ukiangalia ndiye aliyefungua maghala ulimwengu ukala. Ya kumi inaitwa Malkhut, ufalme. Hiyo ni Yuda na Daudi. Malkhut haina nuru yake yenyewe. Wao huifananisha na mwezi, unaong'aa kwa mwanga wa kupewa. Sasa fikiria ndugu wamemuuza Yusufu. Kwa macho ya Zohar hayo si mambo ya familia ya Yakobo peke yake. Mfereji umekatwa, ufalme umebaki mkavu, na ukavu huo ndio uhamisho. Yuda aliyesema "na tumwuze" (37:27, kaangalie, ni yeye) ndiye inabidi asogee aunge alichokikata.

Mimi naielewa kwa cherehani. Uzi wa juu unatoka kwenye rola, uzi wa chini uko kwenye bobini, haionekani. Ukikanyaga mashine bila uzi wa bobini sindano inapanda inashuka, kelele ziko, mashimo yako kwenye kitambaa, mshono hakuna. Unavuta kidogo na kipande kizima kinaachana mkononi.

Tena jambo hili tunalifanya kila asubuhi kwa miguu. Katika sala ya asubuhi kuna baraka ya kumsifu Mungu aliyemkomboa Israeli, kisha mara moja unaanza sala ya kusimama. Katikati hapo hukohoi, husemi neno. Talmudi, mkusanyo mkuu wa mafundisho na mijadala ya marabi, inasema anayeunganisha ukombozi na sala ni mwana wa ulimwengu ujao. Wakabala wakafafanua: ukombozi ni Yesod, sala ni Malkhut, ukinyamaza hapo katikati umewakutanisha Yusufu na Yuda. Na kabla ya kuanza unasogea hatua tatu mbele. Wapo wanaosema ni kwa ajili ya watu watatu walioandikiwa "akakaribia": Abrahamu alipoiombea Sodoma, Yuda hapa, na Eliya pale Karmeli. Mimi nikiwa na miaka kama minane nilimnong'oneza dada yangu hapohapo katikati, nikimwonyesha mjusi ukutani. Babu hakugeuka. Aliupeleka mkono nyuma, akalitafuta sikio langu, akalipata.

Masihi unayemtafuta yuko karibu, ila umempita kwa haraka. Rudi sura ya 38, ile ya Tamari, ambayo nadhani jumuiyani huwa mnairuka. Midrashi inauliza imefuata nini hapo katikati ya habari za Yusufu, halafu inajibu: ndugu walikuwa wameshughulika na kumuuza Yusufu, Yusufu ameshughulika na gunia lake na kufunga kwake, Reubeni na gunia lake, Yakobo na gunia lake, Yuda ameshughulika na kutafuta mke, na Mtakatifu, atukuzwe, alikuwa ameshughulika na kuiumba nuru ya Mfalme Masihi. Tamari akamzaa Peresi, na ukimfuata Peresi mwishoni mwa Ruthu unamkuta Daudi. Rehani aliyoiweka Yuda kwa Tamari, muhuri na kamba na fimbo, na udhamini aliomwekea Benyamini mbele ya baba yake katika 43:9, kwa Kiebrania vina mzizi mmoja. Alijifunza kulipa deni kwa mwanamke ndipo akaweza kulipa kwa ndugu.

Na shingo. Kiebrania cha 45:14 kimeandikwa kama shingo ni zaidi ya moja. Talmudi, katika kitabu chake cha Megila, inauliza waziwazi: Benyamini alikuwa na shingo ngapi? Jibu: Yusufu alililia mahekalu mawili yatakayojengwa katika sehemu ya Benyamini na kubomolewa, na Benyamini akalia shingoni mwa Yusufu kwa ajili ya hema la Shilo, lililokuwa katika sehemu ya Yusufu, nalo likaangamia. Kwa hiyo angalia: wanakumbatiana baada ya miaka ishirini na miwili na hakuna anayelilia ya kwake.

Stima imerudi. Ya Masihi wawili nitaeleza jioni, nina sketi arobaini za watu.


MSOMAJI WA USIKU

Dada Fundi umeeleza vizuri. Niongeze tarehe, maana watu wakisikia "Wayahudi wanasema" hudhani ni Musa anaongea.

Zohar inajinasibisha na Rabi Shimon bar Yochai wa karne ya 2, lakini ilianza kujulikana Hispania mwishoni mwa karne ya 13, mikononi mwa Moses de León, aliyefariki mwaka 1305. Gershom Scholem, profesa wa Jerusalem, alikagua Kiaramu chake na kuona ni cha mtu anayefikiri kwa Kiebrania cha zama za kati. Wacha Mungu wengi hawakubali hilo, nami sikuja kugombana nao. Ila Mwanzo Raba ni ya zamani zaidi kwa mamia ya miaka, na Talmudi vilevile. Ukifundisha usivichanganye kwenye chungu kimoja.


KATEKISTA WA KILOSA

Marahaba, Fundi, na Mungu akubariki. Nimeyanakili yote kwenye daftari, pamoja na sikio. Msomaji, ahsante, nimeweka tarehe pembeni kwa kalamu nyekundu.

Sura ya 38 ni kweli tunairuka. Watoto huwa wamekaa mbele.

Ninasubiri Masihi wawili. Na nina swali dogo la pembeni: nimeipitia hotuba ya Yuda mstari kwa mstari nikitafuta hoja iliyomvunja Yusufu. Sijaiona. Anarudia tu mambo ambayo Yusufu anayajua: ulituuliza, tukakujibu, ukasema, tukamwambia baba. Sasa ushindi wake uko wapi?


FUNDI CHEREHANI

Mwalimu, hilo uliloliita dogo limeandikwa na mtu mkubwa. Yehudah Aryeh Leib Alter, mkuu wa Wahasidi (Wayahudi wa ucha Mungu, kila kundi na rabi wake) wa Ger kule Poland, aliyefariki mwaka 1905, ambaye watu humwita kwa jina la kitabu chake, Sfat Emet, aliliona kama ulivyoliona. Anasema Yuda hakuleta neno jipya, wala hakuwa na hoja nzuri ya kumwendea Yusufu. Aliuchambua tu ukweli wa jambo mpaka ukabaki mweupe, na alipoufikia, wokovu ukaja wenyewe. Tena anacheza na neno "akamkaribia": alimkaribia nani? Alimkaribia Yusufu, alijikaribia mwenyewe, na alimkaribia Mungu. Kiebrania kinaruhusu yote matatu.

Haya, Masihi wawili. Msingi wake uko kwenye Talmudi, kitabu cha Suka, ukurasa wa 52. Wanasoma Zekaria 12, watu wanaomboleza kama anavyoliliwa mwana wa pekee, wakaulizana msiba ni wa nani. Mmoja akasema ni wa Masihi mwana wa Yusufu aliyeuawa. Mwingine akasema hapana, ni tamaa mbaya imeuawa, na hiyo ndiyo inaliliwa. (Kwa nini watu walilie tamaa mbaya? Soma, ni ukurasa mtamu.) Basi picha iliyokua ni hii: kwanza atatokea Masihi wa ukoo wa Yusufu, atakusanya watu, atapigana, atakufa vitani. Ndipo atakuja mwana wa Daudi, wa ukoo wa Yuda, ambaye ufalme wake haukatiki.

Siku tunaposoma Vayigash, somo la manabii ni Ezekieli 37, kuanzia mstari wa 15: chukua kijiti uandike Yuda, chukua kingine uandike Yusufu, viunganishe mkononi mwako viwe kimoja. Na Midrashi inaleta Amosi 9:13, siku zinakuja mwenye kulima atamkaribia mwenye kuvuna. Mwenye kulima ni Yuda, mwenye kuvuna ni Yusufu, yule wa ndoto ya miganda. Kitenzi ni kilekile, karibia. Wewe ni mtu wa Kilosa, unajua kulima na kuvuna havikutani, kimoja kikiwa shambani kingine kiko ghalani. Ndiyo maana nabii anaitaja kama ajabu ya siku za mwisho.

Isaac Luria, aliyefariki Safed mwaka 1572 akiwa na miaka 38, huyo ndiye aliyeigeuza Kabala nzima ikawa kazi ya kurekebisha kilichovunjika. Aliwafundisha wanafunzi wake kwamba katika sala, wanapofika penye kiti cha Daudi, waombe kwa moyo Masihi mwana wa Yusufu asife. Umeelewa uzito wake? Talmudi imeshasema atakufa, na watu wanaambiwa wakaombe asife. Watu wa Yuda wanamwombea mwana wa Yusufu. Aliyeuza anaomba.

Halafu Msomaji atafurahia hii, ina tarehe. Theodor Herzl, mwanzilishi wa harakati za Kizayuni, za kuwatafutia Wayahudi nchi yao, alifariki Julai 1904. Hakuwa mtu wa dini. Rabi Abraham Isaac Kook ndiyo kwanza amefika Jaffa, akaombwa aseme neno, akachukua hiyohiyo Zekaria 12. Akasema mataifa yana mwili na yana roho. Kujenga mwili, nchi na ulinzi na riziki, ndiyo kazi ya Masihi mwana wa Yusufu. Roho ni ya mwana wa Daudi. Na msiba wetu ni kwamba ndugu hawa wawili wanasukumana badala ya kuungana. Hakusema Herzl ni Masihi, alisema katika mtu huyu kulikuwa na alama za nyayo za yule wa Yusufu. Na Herzl ndiye yuleyule aliyepeleka mbele ya mkutano wa Basel, mwaka 1903, pendekezo la Waingereza la kuwapa Wayahudi ardhi Afrika Mashariki. Watu huiita Uganda, kumbe iliyokusudiwa ni Uasin Gishu, hapa ninaposhonea. Mkutano uliofuata, 1905, ukakataa. Wateja wangu nikiwaambia wanacheka, kisha wanauliza na Wanandi, wenyeji wa hapa, wangeenda wapi.


MSOMAJI WA USIKU

Nimefurahia, lakini niseme na uchungu wake. Fundisho hilo la Rabi Kook limetumika baadaye na watu wengine Israeli kuyafanya mambo ya siasa na ardhi kuwa hatua za ukombozi, na ukishaiita siasa hatua ya Masihi ni vigumu kurudi nyuma hata inch moja. Kuna watu wanaokaa kwenye ardhi hiyo ambao hakuna aliyewaandika kwenye kijiti chochote.


FUNDI CHEREHANI

Sikupingi. Swali la wateja wangu kuhusu Wanandi ni hilohilo.

Kuna na jambo jingine ambalo mimi mwenyewe linanikwama, ngoja niliseme. Mordechai Yosef Leiner wa Izbica, Mhasidi wa Poland, aliyefariki mwaka 1854. Anasema Yuda alikuwa anamng'ang'ania mfalme katili wa kigeni, anahoji, anaomba, yuko tayari kufa. Kisha kwa neno moja, "Mimi ni Yusufu", ikaonekana kwamba muda wote ule hakuwa mbele ya mgeni. Alikuwa mbele ya ndugu yake. Na hivyo ndivyo ukombozi utakavyokuwa: Mungu atakapojifunua itaonekana kwamba hata huko nyuma hatukuwahi kuwa chini ya mkono wa mataifa, tulikuwa mkononi mwake tu.

Ni maneno mazuri mno. Lakini babu yangu, wakati wa Idi Amin dini yetu ilipopigwa marufuku, alikificha kitabu cha sala ndani ya ghala la mahindi na kusali humo akiwa ameinama kwa sababu paa lilikuwa chini. Wengi walihama dini, tukabaki wachache. Nilipomsomea hayo maneno ya Izbica, miaka mingi baadaye, alinyamaza kitambo akasema, "Yusufu naye alikuwa analia chumbani, si ndiyo? Basi sawa." Alikuwa anasema 43:30, pale Yusufu anapoingia chumbani alie, kisha anaosha uso na kutoka. Sikupata kitu zaidi kwake, na sijui kama alikubali au aliniondolea usumbufu.


MJUKUU WA LAMU

Asalaam aleikum. Nimesoma kimya tangu juzi. Kwetu hii ni sura nzima, ya 12, na Qurani yenyewe inaiita bora ya simulizi. Yuda hatajwi kwa jina. Anatajwa mkubwa wao, aliyesema siondoki nchi hii mpaka baba anipe ruhusa. Na neno la Yusuf kwa nduguze ni aya ya 92, "Leo hapana lawama juu yenu." Katika sira (habari za maisha yake), Mtume, rehma na amani zimshukie, aliyarudia maneno hayo kwa watu wa Maka siku alipoingia mjini na wao wakidhani watauawa. Naye alikuwa anasema na ndugu zake waliomfukuza. Sitii zaidi, endeleeni.


KATEKISTA WA KILOSA

Ndugu zangu, nimefundisha jana. Chini ya mwembe, maana kigangoni kuna joto. Nilichora ubaoni vijiti viwili. Nilieleza kisima na kamba, nikaeleza hatua tatu, nikazipiga mwenyewe, watu wakacheka kwa sababu ya goti langu. Sefirot nilizigusa mbili tu, za Fundi, kwa cherehani. Akina mama walielewa haraka kuliko mimi. Ustadhi wa Lamu, aya yako niliisoma pia, na hakuna aliyenuna.

Palipokuwa pagumu ni mwisho. Kuna bibi mmoja, mkongwe, kazi yake jumuiyani ni kutandika kitambaa cha meza, huwa haulizi. Akauliza: "Mzee Yakobo alikuja kujua kwamba ni wao waliomuuza?" Nikafungua Biblia hapohapo kuanzia 45 hadi 50. Wanamwambia Yusufu yu hai. Anaona magari ya kumchukua, roho yake inafufuka. Lakini sikuona walipomwambia la kuuza. Nikamwambia bibi nitamletea jibu.

Nileteeni.


FUNDI CHEREHANI

Bibi huyo angekaa vizuri na babu yangu. Swali lake alilishika Ramban, Moses ben Nahman wa Girona, wa karne ya 13, naye alikuwa Mkabala. Anasema kwa maana iliyo wazi ya maandiko Yakobo hakuambiwa maisha yake yote. Alidhani kijana alipotea porini, waliomwokota wakamuuza Misri. Ndugu waliogopa laana yake kumwambia, na Yusufu, kwa adabu zake, hakutaka kusema. Angalia hata 46:28: wakiingia Misri, Yakobo anachagua mtu wa kumtanguliza kwa Yusufu amwonyeshe njia. Anamtuma Yuda. Angekuwa anajua, angemtuma huyo?


MJUKUU WA LAMU

Kwetu alijua. Aya ya 97: "Ewe baba yetu! Tuombee msamaha kwa dhambi zetu." Naye akawaambia nitakuombeeni. Hakusema nakuombeeni sasa hivi. Akasema nitakuja kuomba. Wafasiri wetu wengine wanasema aliingojea saa ya alfajiri.


KATEKISTA WA KILOSA

Ahsanteni. Nitampelekea bibi yote mawili achague.

Mama yetu sisi yupo, ana miaka themanini na nne, anakaa kwa dada yetu Dumila. Mwaka ule tulipogombana shambani nilinyanyua jembe. Sikumpiga kaka, lakini nililinyanyua, naye aliniona. Mama haambiwi. Kila nikienda kumsalimia ananiuliza kwa nini siku hizi hatuji pamoja, namwambia kaka kabanwa na kazi. Kaka naye, dada ananiambia, akiulizwa anajibu hivyohivyo: mdogo wangu kabanwa na mambo ya kanisa.

Alhamisi nitakuwa Dumila. Dada amesema na kaka atakuwepo.